Upepo Mzito

Machano wa Mchangani alifilisiwa na maneno mawili, na yote mawili aliyatunga mwenyewe. Hakufilisiwa na moto wala na mwizi. Hakufilisiwa hata na wale waliokuwa wakipakia vitu vya watu kwenye malori na kusema ni vya umma. Alifilisiwa na upepo mzito.

Mwaka ulikuwa wa sabini. Magorofa ya Michenzani yalikuwa yashaanza kunyanyua shingo, na vumbi la saruji lilishuka mpaka kwenye kibanda chake cha kutengenezea baiskeli. Kibanda chenyewe kilikuwa mabati machache, benchi la wateja, beseni la maji la kutafutia tundu za mipira, na pampu. Hiyo pampu ndiyo iliyokuwa mali. Ilikuwa ya kusimama, ya chuma, unaikanyaga kwa miguu miwili na kuisukuma kwa mikono miwili. Pampu ndogo za mkono zilikuwa zishatoweka madukani, kama vilivyotoweka vitu vingi ambavyo tuliambiwa vinakuja na meli ijayo. Mwenye mpira wa viraka, na nani hakuwa na viraka, ilimbidi apite kwa Machano kila siku mbili tatu kutia upepo.

"Hodi, fundi."

"Karibu, Makungu. Wataka upi leo?"

"Nitie ule mzito."

Makungu alikuwa mtu wa Makunduchi aliyeoa Kidichi, akibeba muhogo na mchaichai na pilipili manga ya wakwe zake mpaka soko la Darajani, matenga mawili nyuma na kikapu mbele. Machano alimtilia upepo. Makungu alitoa thumni, senti hamsini. Kisha Machano akapitisha mkono chini ya siti, kama anayejaribu springi, akakata kitu kwa wembe na kukitia mfukoni.

"Vimebaki vingapi?" Makungu aliuliza kwa sauti ndogo.

"Chako, tia mkono mwenyewe."

Makungu alitia mkono, akapapasa, akatabasamu, akapanda zake.

Upepo wa Machano ulikuwa senti kumi kwa kila mtu. Aliyetoa thumni alikuwa analipa senti kumi ya upepo, na zilizobaki alikuwa analipa tairi. Tairi ilikuwa ishafungwa kwenye baiskeli yake, inambebea muhogo, inamletea riziki, na inajilipa yenyewe kidogo kidogo kila inapokuja kutiwa upepo. Chini ya siti, kwenye chuma ambacho hakuna anayekitazama, Machano alikuwa akivisha vikamba vya mpira alivyovikata kwenye tyubu iliyokufa. Kila thumni, kikamba kimoja kinakatwa. Vikiisha, tairi yako. Bei ile ile ya aliyelipa taslimu, hapana riba, hapana nyongeza. Faida yake Machano ilikuwa kwamba mtu hendi kwa fundi mwingine. Spoki ikikatika anakuja kwake, breki ikilegea anakuja kwake.

Na daftari hakuna.

Watu husema mali bila daftari hupotea bila habari. Mali ya baba yake Machano ilipotea kwa daftari, na habari alikuwa nazo zote. Zamani zile, kabla ya Mapinduzi, mzee alikopa gunia la mchele kwa mwenye duka, akawekwa kitabuni. Mwaka uliofuata gunia lilikuwa limezaa. Wa tatu lilikuwa na wajukuu. Siku moja mzee aliingia dukani na mkwe wake kununua mafuta ya taa, na mwenye duka akafungua kitabu akamsoma jina, na la babu yake, na kiasi, kwa sauti ya mtu anayesoma khutba. Watu walikuwemo. Minazi ilikwenda baadaye, lakini mzee alikufa siku ile, angali anatembea. Alikuwa akisali msikiti wa mbali, asikutane na waliosikia.

Kwa hiyo Machano alipofikiria kukopesha, jambo la kwanza alilojiapia lilikuwa hili: deni la mtu halitatajwa jina. Hakuna mtu atakayeambiwa "nakudai" mbele ya mtu. Neno deni lenyewe halitaingia kibandani. Litaitwa upepo mzito, na anayeujua ataujua.

Alikuwa na haja gani ya kukopesha? Waulizeni waliofungua lile duka la serikali, walioandika mlangoni kwa rangi nyekundu, "Taslimu Tu." Tairi zilikuwemo. Zilikaa kwenye rafu mpaka zikashika utando, na nje mchukuzi wa mboga anasukuma baiskeli iliyofungwa vitambaa kwenye rimu, kwa sababu hana shilingi kumi na mbili leo, ingawa tairi ikizunguka siku ishirini atakuwa nazo. Masikini hakuomba sadaka, aliomba siku. Wenye duka la zamani walimuuzia siku kwa bei ya shamba. Wenye duka jipya walimwambia siku haziuzwi. Mapinduzi yalitupa duka, lakini hayakutupa kesho yake.

Machano naye hakuwa na fedha za kujaza tairi ukuta mzima. Alikuwa nazo mkewe, Tabia, mkononi: bangili mbili za fedha za marehemu mama yake, nzito, za nundu nundu, zikigongana husikika kama kengele ya baiskeli.

"Nisikilize vizuri," Tabia alimwambia siku alipozivua. "Sikupi. Nakuazima. Mdogo wangu anaolewa Shaabani. Siku hiyo nataka nizivae. Mama hakuacha nyumba, hakuacha shamba, aliacha hizi, zionekane arusini kwa mwanawe."

"Zitaonekana."

"Zisipoonekana, Machano, mimi na weye tutasemezana kwa mikono."

"Kwa kupigana?"

"Kwa kuoneshana. Wangu mtupu, nawe utautazama mpaka ufe."

Sonara wa Mkunazini alizipima, akatoa fedha, na kwa kuwa alimjua mama yake Tabia akakubali kutoziyeyusha. "Nitazitia kabatini mpaka Shaabani iandame," alisema. "Ikiandama hujaja, na mimi nina watoto." Machano akaenda duka la serikali na fedha taslimu kama walivyotaka, akabeba tairi kwa gari la ng'ombe.

Ilikwenda vizuri. Hilo ndilo linaloumiza. Ilikwenda vizuri miezi minne. Wachukuzi wa Kidichi walikuja, wauza samaki walikuja, muuza kahawa alikuja. Bati la peremende alilofichia thumni Machano likawa zito, halitikisiki. Hakuna aliyefedheheka. Wawili waliokaa benchi moja walikuwa wote wana vikamba chini ya siti zao, na kila mmoja anadhani ni yeye peke yake.

Kisha akaja Bakar.

Bakar alikuwa katibu wa kamati ya mtaa, kijana mzuri wa maneno, shati limepigwa pasi hata siku za mvua. Alikuja wakati wa Adhuhuri, watu wamekwenda kusali.

"Machano, yakhe. Nasikia una tairi."

"Zipo."

"Na nasikia una utaratibu."

"Nnao upepo wa namna mbili."

Bakar alicheka. Alitaka tairi mbili, mbele na nyuma, na taa. "Lakini mimi mtu wa kamati. Watu wasije wakasema katibu anakopa kwa mtu binafsi, na juzi tumewahutubia wajitegemee."

"Bwana Bakar, deni lako liko chini ya tako lako. Nani atalitazama?"

Tyubu nyeusi ilikuwa imekwisha siku ile. Machano alimkatia vikamba vyake kwenye tyubu nyekundu, ya kizamani, ndiyo ya pekee aliyokuwa nayo. Bakar alilipa mara mbili. Mara ya tatu alisema kasahau mfuko. Mara ya nne alitiwa upepo, akapiga kengele, akenda zake.

"Mdai," Tabia alimwambia Machano.

"Nitamdai vipi? Nikimdai nimevunja neno langu."

"Neno lako ulimpa baba yako kaburini. Bangili nilikuazima mimi, na miye hai."

Aliyewasha moto hakuwa Bakar. Alikuwa mtu mwema, na hao ndio wa kuogopwa. Jina lake Nahodha, na alikuwa kuli wa bandarini, mkweli, mwenye kifua, aliyeyapenda Mapinduzi kama mtu anavyompenda mtoto aliyemzaa uzeeni. Baiskeli yake aliinunua kwa taslimu, na upepo akilipa senti kumi. Siku moja amekaa benchini akamwona Makungu anatoa thumni.

"Ndugu," alimwambia Makungu walipokuwa nje, "mbona mimi senti kumi na weye thumni?"

Makungu alikuwa na shemeji yake pale, kaka wa mkewe, na nyumbani kwa wakwe alikuwa kasema tairi kainunua kwa fedha zake. "Njia za shamba mbovu," alisema. "Huko twatia mzito."

"Upepo mzito?"

"Ndiyo. Wa mjini mwepesi."

Nahodha alitazama matenga ya muhogo, akatazama miguu ya Makungu iliyopasuka, na damu ikampanda. Watu wa shamba wanauziwa upepo, upepo wa Mungu, kwa bei mara tano, na wanadanganywa kuwa ni mzito. Miaka sita baada ya Mapinduzi. Hakwenda nyumbani. Alikwenda moja kwa moja kwenye kamati.

Machano aliitwa Ijumaa baada ya Alasiri. Chumba kilijaa, na waliokosa nafasi walisimama barazani pamoja na Tabia. Mwenyekiti alikuwa mzee mpole aliyechoka. Bakar alikaa kando yake na kalamu. Dirisha lilikuwa wazi, na pale Machano alipowekwa asimame, alikuwa anaiona baiskeli ya Bakar imeegemezwa ukutani, na chini ya siti, ukijua pa kutazama, wekundu umejikunja.

"Machano," alianza Mwenyekiti, "hatukukuita kukuonea. Umeshitakiwa kuwa unauza upepo kwa bei mbili."

"Naam."

"Ni kweli?"

"Bei ni moja."

"Thumni na senti kumi bei moja?" Nahodha alisimama. "Mzee, mimi sikusoma, lakini senti kumi naijua."

Watu walicheka. Makungu akaitwa. Alisimama ameshika kofia yake kama iliyojaa maji.

"Unapokwenda kwa Machano unalipa nini?" Mwenyekiti alimuuliza.

"Upepo."

"Shilingi ngapi?"

"Thumni."

"Kila mara?"

"Kila mara, Mzee."

"Na huo upepo una nini hata uwe thumni?"

Makungu alimtazama shemeji yake aliyekuwa mlangoni. Alimtazama Machano, na macho yake yalikuwa yanaomba, lakini Machano hakujua yanaomba asemewe au yanaomba asisemewe. "Mzito," alisema Makungu, akakaa.

Wachukuzi wengine walikuwamo, Machano aliwahesabu kwa macho. Muuza kahawa alikuwa anakagua kucha zake. Muuza samaki wa Malindi alipata kikohozi. Neno moja tu la mmoja wao, "tunakopa tairi kwake," lingemaliza kesi, na hilo neno kila mmoja alilikalia, kama alivyolikalia kwenye siti.

"Haya, weye mwenyewe," alisema Mwenyekiti. "Tueleze. Upepo mzito ni kitu gani?"

Ingekuwa rahisi. Angeweza kusema, Mzee, nyanyua siti ya ile baiskeli hapo nje. Kalamu ya Bakar ilikuwa imesimama juu ya karatasi, haiandiki. Machano alifungua mdomo, na kilichomjia hakikuwa Bakar. Alimwona baba yake ameshika chupa ya mafuta ya taa, mkwe wake kando yake, na jina lake linasomwa. Ukimfunua mmoja, watafunuliwa wote. Watasema, na weye Makungu, kumbe. Na weye, na weye.

"Ni jina tu," alisema Machano. "Upepo wenye kitu ndani."

"Kitu gani?"

"Anayeutumia anajua."

"Mwenyekiti," Bakar alisema, na sauti yake ilikuwa imerudi, imepigwa pasi, "mshitakiwa anacheza na kamati. Mimi nasema hivi. Upepo ni wa nani? Ni wa wananchi. Hakuna mtu aliyeulima, hakuna mtu aliyeuchukua bandarini. Pampu ije hapa mlangoni, ifungwe mnyororo, kila mtu atie mwenyewe, bure."

Walipiga makofi. Nahodha alipiga kuliko wote, machozi yanamlenga, maskini, kwa furaha ya haki. Wachukuzi nao walipiga. Muuza kahawa alipiga makofi.

Walipofika nyumbani Tabia akamgeukia.

"Umewafunika," alisema. "Shuka yote umewapa wao. Sisi tumebaki uchi."

"Ningewafedhehesha."

"Nani kakwambia uwafedheheshe? Si ungesema ni wakopi wako, bila ya majina?"

Hilo halikumjia Machano kabisa. Alikuwa amelificha deni kwa muda mrefu hata yeye mwenyewe hakujua tena kulisema kwa jina lake.

Sasa tazameni namna riziki ya mtu inavyokufa bila kupigwa hata kofi. Pampu ilifungwa mlangoni pa kamati, upepo ukawa bure, na hakuna mtu aliyekuwa na sababu ya kwenda kwa Machano. Thumni ilikuwa ikipanda mgongoni mwa upepo. Upepo ulipohama, thumni haikujua njia. Kibanda kikawa kitupu. Siku ya tano Makungu alipita barabarani, tairi imejaa, akageuza uso. Siku ya sita Machano akamsimamisha.

"Makungu. Kulikoni?"

"Fundi, wallahi sikukukimbia." Makungu alitazama huku na huku. "Nifanyeje? Nikija nikakupa thumni bila kutia upepo, watu watasema nakulipa nini?"

"Sema unalipa fundi."

"Fundi wa nini, na baiskeli nzima? Na wengine wanasema..."

"Wanasema nini?"

"Wanasema sisi tulikuwa twalipa upepo mzito. Na kamati imesema upepo bure. Haikusema mwepesi tu."

Makungu hakuwa anamfanyia mzaha. Alikuwa anauliza kweli, kama mtu anavyomuuliza sheikh. Machano alihisi anataka kucheka na anataka kulia. Jina alilolitunga ili watu wastirike limegeuzwa stakabadhi ya kufutiwa deni.

Alimwendea Bakar. Alimkuta kwenye pampu ile ile, anaisukuma kwa mkono mmoja kama anayechota maji, pampu inalia kwa ukavu.

"Haijatiwa mafuta," Machano alisema.

"Itatiwa. Tushaunda kamati ndogo ya mafuta."

"Bwana Bakar, una tairi zangu mbili na taa."

"Nina tairi zangu." Bakar alinyanyuka, akajifuta mikono. Chini ya siti hapakuwa na wekundu tena. Pamekatwa kwa wembe, safi. "Machano, weye mtu mzima. Andiko lako liko wapi? Saini yangu iko wapi?"

"Sikutaka andiko kwa heshima yako."

"Basi iheshimu."

Shaabani iliandama siku ya Jumatatu. Machano alikwenda Mkunazini na bati lake la peremende, thumni zote za miezi minne, na kidogo alichoazima kwa ndugu. Haikufika nusu. Sonara alimsikiliza, akamkaribisha akae, hata kahawa alimpa. Alikuwa anafunga mizigo, anahamia Dar es Salaam kwa kaka yake. Alifungua mtoto wa meza akamwonesha kipande cha fedha kilichoyeyushwa, kama kipande cha sabuni.

"Mwezi umeonekana jana," alisema. "Nilingoja mpaka watu wakatoka kuutazama. Mwambie Bi Tabia nilingoja."

Na kweli alingoja. Katika watu wote wa kisa hiki, yule ndiye aliyetaja siku kwa mdomo wake na kuitimiza, na huwezi hata kumchukia vizuri.

Machano alimwambia mkewe kila kitu, mlangoni, kabla ya kuvua viatu. Alingoja mayowe. Tabia alikaa kitako juu ya kigoda, akanyosha mikono yake miwili mbele yake, akaitazama.

"Ile tyubu iliyokufa bado unayo?" aliuliza.

"Ipo."

"Kila mtu unakumbuka vimembakia vingapi?"

"Nakumbuka."

"Nikatie. Vyote. Na vya Bakar kwenye ile nyekundu."

Arusini Tabia aliingia baada ya Isha, kanga mpya, uso umepakwa liwa vizuri, na mikono yake kuanzia vifundo mpaka karibu na viwiko imejaa vikamba vya mpira, vyeusi juu ya vyeusi, na katikati kishada cha vyekundu. Alikaa mbele, panapokaa jamaa za bibi arusi. Alipopiga makofi havikulia. Wanawake walitazamana.

"Bi Tabia, bangili gani hizo?" aliuliza mmoja, akicheka.

"Za siku hizi. Zaitwa upepo mzito."

"Ukanunua wapi?"

"Sikununua. Kila kimoja nimeazimwa na mume wa mtu."

Kicheko kilipita chumba kizima, kikafika pembeni, kikafa. Kwa sababu zaidi ya mwanamke mmoja alikuwa ameshaona kikamba kama kile, mtoto amekichomoa chini ya siti, akapigwa na babake kwa hasira isiyoeleweka. Mkewe Bakar, Mwatima, alikuwa amekaa safu ya pili. Alivitazama vyekundu kwa muda mrefu. Kisha akavuta mtandio wake karibu, na hakuimba tena usiku ule.

Tabia hakutaja jina la mtu. Neno la Machano halikuvunjwa.

Asubuhi ya pili Makungu alikuja akisukuma baiskeli. Hakusema hodi. "Bi Tabia, shikamoo," alisema, macho chini.

"Marahaba, mwanangu."

"Nimeambiwa wembe unao wewe."

Alinyosha thumni. Tabia alinyosha mkono. Makungu hakujua ni kipi chake, wakacheka wote wawili kidogo, na Tabia akakata kimoja kilichokuwa karibu na kidole gumba. Baada yake alikuja muuza kahawa na wenziwe, mmoja mmoja, kila mtu na udhuru wake. Hawakuja wote. Wengine hawajaja mpaka leo, na tunawajua.

Bakar alikuja siku ya tisa. Hakuja peke yake. Alikuja na Nahodha, na Nahodha ameibeba pampu begani kama maiti.

"Kamati imeamua," alisema Bakar, "pampu irejee kwa fundi. Kwa matengenezo. Kwa niaba ya wananchi."

Nahodha aliilaza chini. Ngozi ya ndani ilikuwa imekauka na kuchanika, chuma cha kusukumia kimepinda. Watu wa mtaa mzima walikuwa wanasukuma baiskeli kwa miguu tangu juzi. "Machano," Nahodha alisema, na alikuwa hawezi kumtazama, "mke wangu kanieleza. Mbona hukusema? Mimi nilikuwa natetea wanyonge..."

"Ulikuwa unamtetea Makungu."

"Mbona hukusema?"

Machano alikuwa ashapiga magoti, anaifungua pampu. Mikono yake ilikuwa inajua kazi yake hata yeye alipokuwa hataki. Alikata ngozi mpya kwenye kiatu chakavu, akaitia mafuta, akanyosha chuma juu ya jiwe, akaisukuma. Ikavuta pumzi.

"Na bei?" Bakar aliuliza. "Ya upepo?"

"Bure. Si mshasema? Mimi sipingani na kamati."

"Na ule..." Bakar akatazama nyuma yake. Nahodha alikuwa amesimama pale pale, amefunga mikono kifuani. "Ule mwengine."

"Ule muulize mwenyewe."

Tabia alikuwa mlangoni. Mkono wa kulia ulikuwa umebakia na vikamba vichache vyeusi. Wa kushoto ulikuwa na vyekundu, kishada kizima, hakijapungua. Bakar alitoa noti mpya, ya kulipa vyote pamoja na zaidi, akaishika mbele yake kama anayemlisha kuku.

"Sina chenji," alisema Tabia.

"Chukua yote, Bi Tabia. Yaishe."

"Hatukupatana hivyo. Mlipatana kimoja kimoja, kila utiapo upepo. Leta thumni."

"Nitakuwa nakuja hapa kila siku mbili? Mbele ya watu?"

"Tairi zako si zina viraka?"

Bakar alijipapasa mifuko. Hakuwa na thumni. Nahodha alitia mkono kwenye pindo la msuli alioufunga kiunoni, akafungua fundo, akamwazima, na akasema kwa sauti ya bandarini, hadharani, watu wote wakasikia: "Nakudai, Bakar."

Tabia akakata kikamba kimoja chekundu, akakiweka kiganjani mwa Bakar, akamfunga vidole juu yake.

Bakar alikuja mara tatu nyingine, kisha akahamishiwa Pemba, akaenda na baiskeli. Bangili za fedha hazikurudi, na kipande kile cha sonara sasa labda ni jino la mtu Dar es Salaam. Vile vyekundu vilivyobaki Tabia hakuvivua, kisimani, jikoni, msibani. Mpira mzuri ule wa kizamani, haukatiki upesi. Mtu akimuuliza, humnyoshea Machano ule mkono, na Machano huutazama.